Mrejesho: Antivairasi iliyokuwa inaifuta programu ya duka

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini antivairasi inaifuta programu yetu ya mauzo kila nikiwasha kompyuta, na wengi mkasema niizime antivairasi. Samahani, hilo sikulifanya. Kompyuta ile ina hesabu zote za duka.

Nilipakia faili la programu kwenye tovuti ya VirusTotal, linakopimwa na antivairasi zaidi ya 70 kwa mpigo. Mbili tu ndizo zilizolalamika. (Angalizo: ukipakia pale, wengine wanaweza kulipata faili, kwa hiyo usithubutu kupandisha daftari la wateja.) Kisha nikampigia kijana aliyeitengeneza, akanisomea alama ya SHA-256 ya faili lake, yaani kama alama ya kidole ya faili: faili likibadilishwa hata kidogo, nayo hubadilika. Herufi na tarakimu 64, tukalinganisha moja moja kwa simu mpaka salio likakata! Zikalingana.

Ndipo nikaitoa karantini (kumbe antivairasi ilikuwa inaifungia huko, si kuifuta kabisa), nikaliruhusu faili hilo moja, si folda nzima. Sampuli nikawatumia wenye antivairasi. Siku ya nne wakakiri kosa ni lao. Nikasasisha antivairasi, nikaondoa ile ruhusa, na leo programu imefunguka yenyewe bila kelele. Kijana naye anashughulikia saini ya kidijitali, ya kuthibitisha kwamba programu imetoka kwake.