Mvinyo umegoma kuchachuka katikati, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Leeds, Uingereza, natengeneza mvinyo mwekundu kwa seti ya wanaoanza, ile ya lita 23 yenye juisi nzito ya zabibu na hamira yake. Haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, namba hushuka kadiri inavyochachuka) ilianzia 1.090, tangu wiki iliyopita imeganda kwenye 1.020, na kile kidude cha maji juu ya ndoo hakitoi hata kiputo. Ukionja, bado sharubati tupu. Chumba kina nyuzi 16 (gesi ya kupasha nyumba joto huku bei mbaya, jamani). Nimeizungushia ndoo blanketi, nimekoroga taratibu, wapi!

Niongeze hamira nyingine sasa, au nipandishe joto kwanza hadi nyuzi 22? Na ile dawa ya kusimamisha uchachukaji niiweke haidromita ikisoma ngapi?