Texas: mzazi adai juri kwenye kesi ya mtoto, au amwachie jaji?

Mgeni wa Garland

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaozifahamu mahakama za Texas. Wazazi wakiachana na kugombania mtoto, inasemekana mmoja wao anaweza kudai juri, yaani raia 12 waitwe waamue mtoto akae na nani. Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo, na hata hapa Marekani majimbo mengi kesi hizi ni za jaji peke yake. Je, juri inaamua kila kitu? Inadaiwa vipi? Na mnaonaje, ni haki ya maana kwa mzazi au ni kumchezea mtoto bahati nasibu?

Karani wa Zamani

Ni kweli, na si jambo la jana. Katiba ya Texas ya 1876, ibara ya 5, inasema kwenye kesi zote za mahakama za wilaya, upande wowote ukiomba juri upewe. Majimbo mengine yalirithi desturi ya Uingereza ambako mambo ya watoto yalikwenda mahakama ya Chancery, na huko hapakuwa na juri. Marekebisho ya 7 ya Katiba ya Marekani, yanayohusu juri kwenye kesi za madai, nayo hayazifungi mahakama za majimbo. Kwa hiyo usije ukahamia jimbo jingine ukadhani haki hii inakufuata.

Tatizo ni kwamba watu wanadai juri bila kujua mipaka yake. Kifungu cha 105.002 cha Sheria ya Familia ya Texas kinaiachia maswali machache: wazazi wawe walezi wa pamoja au mmoja awe mlezi pekee, nani abaki na haki ya kukaa na mtoto kwa vipindi tu; kati ya walezi wa pamoja, yupi achague makazi ya mtoto, na makazi hayo yawekewe mpaka au la, mathalani kaunti fulani na zinazopakana nayo. Kwa hayo, jaji haruhusiwi kutoa amri inayopingana na jibu la juri.

Fedha za matunzo? Za jaji. Ratiba, yaani wikiendi ya kwanza, ya tatu na ya tano, sikukuu, likizo ya kiangazi? Jaji. Nani mwenye sauti kuhusu shule na matibabu? Jaji vilevile. Mzazi anaweza kushinda mbele ya juri saa tano asubuhi, halafu mambo yatakayomgusa kila wiki yakapangwa na jaji yuleyule aliyekuwa anamkimbia.

Pale juri inapouma hasa ni kwenye kuhama. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Texas iliamua kesi ya Lenz: juri ilimpa mama haki ya kuchagua makazi, naye alitaka kurudi Ujerumani na watoto, jaji akakataa kuondoa mpaka. Mahakama Kuu ikarudisha uamuzi wa juri. Baadaye sheria ikarekebishwa, suala la mpaka likatajwa wazi kuwa la juri.

Dada Mkalimani

Utaratibu, kwa kifupi kadiri inavyowezekana.

Ombi ni la maandishi, linawasilishwa kwa karani si chini ya siku 30 kabla ya tarehe iliyopangwa ya kusikilizwa (Kanuni ya 216), pamoja na ada pale inapodaiwa. Wengi wanakosea kwa kuhesabu siku 30 kutoka kikao cha maandalizi badala ya tarehe ya kesi yenyewe, au wanategemea ombi la mwenzake. Ombi la upande mmoja likishalipiwa haliwezi kuondolewa iwapo upande wa pili unapinga. Lakini aliyeomba asipotokea siku ya kesi, anahesabiwa ameiacha haki yake.

Siku ya kuchagua juri mawakili huwahoji wanaoitwa: nani ameachika, nani alilelewa na mzazi mmoja, nani anaamini baba hawezi kulea mtoto mchanga. Anayekiri hawezi kuwa wa haki huondolewa kwa sababu hiyo. Zaidi ya hapo kila upande una nafasi 6 za kukata watu bila kutoa sababu. Hukumu inahitaji 10 kati ya 12, na wawe wale wale 10 kwenye majibu yote.

Kuhusu lugha: mzazi asiyemudu Kiingereza awasilishe ombi la mkalimani mapema. Mahakama inatakiwa kuteua mwenye leseni. Kwa lugha isiyo Kihispania, jaji akithibitisha hakuna mwenye leseni ndani ya maili 75, anaweza kuteua mwingine mwenye sifa. Hapo ndipo pa kuwa macho. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Mombasa anaweza kuteleza kwa shahidi wa Bukavu, na mwanajuri hatajua kosa ni la nani. Atakachoona ni shahidi anayejikanganya. Kama kuna tatizo, wakili apinge papo hapo ili liingie kwenye kumbukumbu. Ukisubiri rufaa umechelewa.

Jicho Kavu

Mimi sioni faida, na nitasema kwa nini.

Kwanza mtoto. Kesi ikiwa ya jaji, mtoto wa miaka 12 na kuendelea akiombewa kusikilizwa, jaji lazima aongee naye ofisini kwake. Kwenye kesi ya juri, kifungu cha 153.009 kinamkataza jaji kufanya hivyo kwa suala lililo mikononi mwa juri. Kwa hiyo sauti ya mtoto ipite kwa mtathmini (mtaalamu anayechunguza malezi) au kwa wakili aliyeteuliwa kwa ajili yake, au mtoto apande kizimbani baba na mama wakimtazama. Eti hiyo ndiyo haki ya mzazi!

Pili, amri za muda. Hizo hakuna juri. Jaji, au jaji msaidizi, anaamua mtoto akae wapi wakati kesi inasubiri, na kesi ya juri husubiri muda mrefu zaidi. Ikifika siku, mtoto ameshazoea shule na kitanda kile, na juri inaogopa kumng'oa. Amri ikitoka kwa jaji msaidizi na hukuridhika, una siku 3 tu za kazi kuomba jaji mwenyewe aisikilize upya. Wazazi wanapitisha siku hizo wakijipa moyo kwamba juri itakuja kunyoosha mambo.

Tatu, juri haitoi sababu. Inajaza majina kwenye fomu ya maswali, basi. Utaishambulia vipi kwenye rufaa?

Karani wa Zamani

Jicho Kavu, hoja ya mtoto naikubali bila ubishi. Lakini kumbuka majaji wa wilaya Texas wanachaguliwa kwa kura, kwa tiketi za vyama, kila miaka 4. Kwenye kaunti ndogo jaji ni mmoja, na anamjua wakili wa upande wa pili tangu shuleni. Mzazi mgeni akidai juri hapo hatafuti bahati nasibu.

Mwana wa Tanga

Mgeni huyo atakutana na juri ya nani, sasa? Wanajuri sharti wawe raia. Mwenye green card haingii hata kama jirani zake wote ni Waswahili. Mweleze mtu wa hapo kwamba mtoto alikaa na bibi yake Muheza miaka miwili wazazi wakijipanga, aone ni malezi. Wengi wataona ametelekezwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 125, inaiambia mahakama izingatie ustawi wa mtoto kwanza, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenye umri wa kujieleza, na desturi za jamii ya wahusika. Chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni heri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa alete ripoti. Kenya nako, ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa na kuweka maslahi ya mtoto mbele. Kote huko anayeamua anaandika sababu, na ukikata rufaa una kitu cha kushika.

Na tusisahau Kenya ya mkoloni juri ilikuwa ya mshtakiwa Mzungu. Mwafrika aliwekewa wazee wa baraza, ambao jaji hakufungwa na maoni yao.

Mgeni wa Garland

Nashukuru sana wakuu. Moja la mwisho: mahakama ikiwaagiza wazazi waende usuluhishi kabla, na ombi la juri lipo tayari, si wanaweza kusaini kwa sasa halafu juri iangalie?

Dada Mkalimani

Hapana! Hilo ndilo kosa linalowagharimu wengi. Kifungu cha 153.0071: makubaliano ya usuluhishi yenye tamko la wazi, kwa herufi nzito, kubwa au zilizopigiwa mstari, kwamba hayawezi kutenguliwa, yakiwa na saini za pande zote mbili na za mawakili waliokuwepo, yanamfunga mzazi palepale. Mwaka 2013, kwenye shauri la Lee, Mahakama Kuu ya Texas ilisema jaji hawezi kuyakataa kwa hoja pana tu kwamba hayamfai mtoto. Mwanya uliopo ni mwembamba, mfano pale ukatili wa nyumbani ulipomnyima mtu uwezo wa kuamua.

Vikao hivi huanza asubuhi na kuvuta hadi usiku, kila mzazi chumba chake, na hati inaletwa watu wamechoka na njaa. Msaidie mzazi aombe hati isomwe yote kwa Kiswahili kabla ya kalamu, hasa ukurasa wa ratiba na ule wa mpaka wa makazi. Mkalimani wa usuluhishi haji mwenyewe kwa sababu tu mahakamani alikuwepo. Ulizeni wiki moja kabla nani anamleta na nani analipa.