Mama karudishwa zahanati mara mbili eti "hamjatimia watano". Hii ni sawa?

Mwana wa Milimani

Wakuu, salaam. Mimi niko Dar, mama yangu yuko kijijini huko Lushoto. Ana miaka 67, presha na sukari zote anazo. Tangu Rais Samia achomwe sindano ya chanjo ya korona pale Ikulu tarehe 28 Julai 2021, mama alikuwa anasema, "Nikiona yeye mzima, na mimi nitakwenda." Akamwona mzima.

Mwezi uliopita kasikia chanjo imefika zahanati. Akavaa kanga zake za safari, akashuka mlima saa nzima na nusu. Kufika, wako wawili tu. Akaambiwa kichupa hakifunguliwi mpaka watimie watano. Alikaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, walipatikana watatu. Akapanda mlima. Wiki iliyofuata, vilevile.

Sasa hataki hata kusikia. Anasema dawa gani hiyo yenye masharti kama ya mganga. Na jirani yake kamkolezea kuwa waliochanjwa watageuka mazombi.

Naomba kujua: hiyo ya watano ni kweli, au ni uvivu tu wa watu? Na kama kuna kijiji kilichofanikiwa, mlifanyaje?

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, mama kaponea mara mbili na wewe unamtafutia ya tatu? Mwache apige nyungu zake. Chanjo mpaka usaini fomu ya ridhaa, maana yake likikukuta shauri yako.

Nesi wa Zamu Mbili

Mwana wa Milimani, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni nesi wa zahanati ya kijiji, mwaka wa kumi na moja huu. Wilaya siitaji, mabosi nao wanasoma humu.

Ya watano ni kweli. Janssen, ile ya kuchoma mara moja, kichupa kimoja kina dozi tano. Kikiwa kwenye jokofu hakijatobolewa, hakina neno. Ukishatoboa tu, saa zinaanza kukimbia: sita, tena kikiwa kwenye baridi muda wote. Zikiisha, kilichobaki unakitupa na unaandika kwenye ripoti kwamba umekitupa. Wala si jambo geni. Muulize mwanamke yeyote aliyezaa. BCG ya kichanga inakuja dozi 20 kwenye kichupa kimoja, ndiyo maana anaambiwa "mlete Jumatano na wenzake".

Ila mama mwenye kichanga atarudi Jumatano. Bibi wa miaka 67 ambaye jirani anamtisha na mazombi, ukimrudisha mara moja ushampoteza. Kosa la wenzangu naliona hapo: wamemwacha aondoke bila kuandika jina lake wala namba ya simu ya mtu wa kwao.

Na sisi tulianza vibaya hivyohivyo. Mwanzoni vituo vilikuwa 550 nchi nzima, watu wa kwetu ilibidi wapande gari hadi hospitali ya wilaya. Huu mpango wa Septemba, wanaouita shirikishi na harakishi, ndio uliotuletea chanjo vijijini. Wiki mbili za kwanza nilikaa mezani na fomu zangu, mashine ya presha na kalamu mbili, nasubiri umati. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja na mkewe. Waliniomba nisimwambie mtu.

Kilichotutoa ni daftari. Kila anayeingia zahanati, hata kama kaja na mtoto anayeharisha, namuuliza: wewe au mzee wa nyumbani, mngependa? Akikubali naandika jina, kitongoji, simu. Mhudumu wa afya wa jamii anazunguka na daftari la pili, na mwenyekiti wa kitongoji anajua nani mkubwa, nani mgonjwa, nani hatoki nje. Wakifika watano au sita upande mmoja, siwaiti. Naenda mimi, kiboksi cha chanjo mapajani kwenye bodaboda, barafu zimekizunguka. Wanakaa chini ya mwembe wa mtu, nikimaliza kuchoma nawabakiza robo saa nione hakuna anayejisikia vibaya, kisha nahamia nyumba nyingine.

Siku ya gulio vichupa vinaisha vyenyewe. Msikitini Ijumaa ilikwenda vizuri kwa sababu imamu alitangulia kukunja mkono wa kanzu. Msibani usijaribu. Mimi nilijaribu, mama mmoja akaniuliza kwa sauti, "Umekuja kutafuta wa pili?"

Mkutano wa kijiji nao. Mtendaji alinipa dakika za kuhutubia, watu wakasinzia. Nikaacha karatasi, nikasema ulizeni mnachotaka. Mzee mmoja akasimama mbele ya wote: je, nguvu za kiume? Nikamjibu mume wangu ana pumu, kachanjwa tangu Agosti, na mimi nina ujauzito wa miezi miwili. Kijiji kizima kilikufa kwa kicheko. Siku ile nilifungua vichupa vinne.

Kwa mama yako: usimwambie arudi zahanati. Tafuta wenzake wanne, kisha mpigie nesi wa pale aseme siku. Na muulize kama Janssen bado ipo. Sinopharm iliyoingia Oktoba ni mara mbili, ya pili baada ya wiki tatu hadi nne. Ni chanjo nzuri, ila huo mlima wenu naufikiria.

Kisiki, fomu unasaini hata ukienda kupasuliwa ngiri.

Mkwale

Hodi kutoka pwani ya Kenya. Kwetu tulianza Machi na AstraZeneca, kichupa dozi kumi, kwa hiyo nyinyi na watano wenu mna afadhali. Chifu ndiye alituokoa. Baraza likiitwa, daktari hasemi mpaka chifu amalize habari za mbolea na mashamba. Watu wanakuja kwa mbolea, wanarudi wamechanjwa.

Mstaafu 58

Nesi, nakushukuru, lakini sikubaliani nawe kitu kimoja. Mzee akishatembea saa nzima na nusu, fungua kichupa. Zikitupwa dozi tatu, zitupwe. Tumefundisha miaka thelathini: darasa likiwa na mtoto mmoja, unafundisha.

Nesi wa Zamu Mbili

Mwalimu, shikamoo. Umenigusa. Nimewahi kufungua kwa ajili ya watu wawili, mmoja alikuwa kipofu, kaletwa na mjukuu kwa baiskeli. Jioni simu ikapigwa kutoka juu: kwa nini dozi tatu zimepotea? Nilijieleza kwa barua. Ningefungua tena. Ila najua nesi mwenzangu aliyeanza kazi mwaka huu, bado hajathibitishwa kazini, yeye hafungui, na siwezi kumlaumu.

Mwana wa Milimani

Marejesho, wakuu. Nimempigia shangazi, naye ndiye anayejua kila mlango pale kijijini. Kwa siku mbili kapata mabibi watatu wa kikundi cha kukopeshana na babu mmoja mwenye sukari, na mama akakubali kwa sharti kwamba hashuki mlima. Nesi wa pale, kwa kweli nilimwendea na hasira zangu, kumbe hakuwahi kuambiwa mama anatoka wapi. Kapanda yeye mwenyewe juzi asubuhi.

Mama mkono unamuuma, anauliza kama anaweza kulima kesho. Nimemwambia apumzike, najua hatanisikia.

Tatizo jipya: walijitokeza sita. Wa sita ni yule jirani wa mazombi. Tano zilishaisha, na sasa yeye ndiye analalamika kwamba amebaguliwa.

Nesi wa Zamu Mbili

Mwambieni atafute wenzake wanne.