Simu yangu isikilizwe kwa idhini ya nani?

Mleta mada, Mombasa
Barazani kwetu Kibokoni, maneno yakigeukia siasa, kuna mzee hukusanya simu zote akazitia kwenye sufuria akafunika. Tunamcheka, lakini sijaona aliyekataa kutoa yake.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilikuwa na mlango unaoeleweka. Kifungu cha 36 kinamtaka polisi wa cheo cha inspekta mkuu (Chief Inspector, si mkuu wa polisi wote) au zaidi aombe amri ya mahakama kabla ya kunasa mawasiliano. Desemba 2014, kikao kile cha vurugu ambacho naibu spika alimwagiwa maji, bunge likapachika 36A: vyombo vya usalama vinase mawasiliano kugundua na kuvuruga ugaidi, kwa utaratibu atakaoweka waziri. Jaji hatajwi. Mimi nasema kifutwe, 36 inatosha.

Mwalimu
Ndugu wa Kibokoni, mimi nimesomesha Mandera. Novemba 2014 basi la Nairobi lilisimamishwa, abiria wakaambiwa wasome shahada. Wakauawa 28, wengi walimu waliokuwa wakienda likizo makwao. Simu ya muuaji ikiita saa nane usiku, utabisha kwa hakimu? Halafu Mahakama Kuu ilishalipima hili. Februari 2015 ilifuta vifungu vinane vya marekebisho yale, hiki ikakiacha.

Mleta mada
Pole sana, mwalimu. Lakini mahakama kukiacha hakumzuii mbunge kukirekebisha. Na ndiyo, hakimu agongewe usiku, kwani daktari hagongewi? Kama kweli hapatikani, sikilizeni saa 48, kisha faili lifike mbele yake, akikataa kila kilichorekodiwa kifutwe. Hapo sina ugomvi.

Ila msiniambie 36A ndiyo kinga. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, liliikuta sheria hiyo ina zaidi ya miezi mitatu. Walikufa 148, na Recce, kikosi maalumu cha polisi kilichotoka Nairobi, kilifika saa nyingi baada ya risasi za kwanza. Kilichochelewa pale ni usafiri.

Mwalimu
La Garissa sikubishii, lilituuma sote. Lakini saa 48 ni chache, fanya 72. Na hakimu mwenyewe awe wa Nairobi. Mandera ni mji mdogo, anayetia saini karatasi kama hiyo kila mtu anajua analala nyumba gani.