Mjadala: FAFSA iwe sharti la kumaliza high school, au shule ndiyo ibanwe kwanza?

Mwanzisha mada

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kwenu. Naleta suala linalowagawa wazazi wetu hapa Marekani. Mimi mwenyewe limenisumbua kwa miaka mitatu sasa, kila Jumamosi ninapokaa na vijana wa darasa la 12 kujaza fomu za vyuo.

Kwa ambaye bado hajafika huko: FAFSA ni fomu ya bure ya serikali kuu ya kuomba msaada wa kusoma chuo. Usipoijaza, hupati ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025-26 inafika dola 7,395 na hairudishwi. Mkopo wa serikali kuu nao hupati. Majimbo na vyuo vingi pia hugawa fedha zao kwa kuangalia fomu hiyohiyo.

Louisiana ilikuwa jimbo la kwanza kuifanya sharti, kuanzia wahitimu wa 2018: ujaze FAFSA, au karatasi ya kukataa isainiwe, la sivyo huhitimu. Illinois ikafuata, kisha Texas ninakoishi, na Alabama. Halafu mwaka 2024 Louisiana yenyewe ikaliondoa sharti lake. Kuna waliopumua, na kuna waliosema watoto wa maskini wametupwa.

Swali langu: ni haki kumshikia kijana cheti cha high school kwa sababu ya fomu ya fedha?

Msimamo wangu nauweka mezani. Sharti nalitaka, ila limbane mwenye ofisi, si mwenye begi. Shule iwajibike kuhakikisha kila mtoto wa darasa la 12 amekaa na mtu anayeijua fomu, na cheti cha mtoto kisiguswe. California wamekwenda njia hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2022-23, mzigo uko kwa wilaya ya shule: ihakikishe mwanafunzi amejaza FAFSA au fomu ya jimbo iitwayo CADAA, au ameruhusiwa kutojaza. Asiyejaza hazuiwi kuhitimu.

Nitawaambia kilichonifikisha hapa. Mwezi Mei alikuja kijana na mama yake. Barua ya kukubaliwa chuo cha jimbo anayo mkononi, uso unang'aa. Nikamuuliza, "FAFSA umejaza?" Akajibu ndiyo, shuleni walimpa karatasi na mama akasaini. Nikaomba kuiona. Ilikuwa karatasi ya kukataa. Imeandikwa Kiingereza kitupu, na mama yule anasoma Kiswahili na Kibembe. Alisaini akiamini anamwombea mwanawe msaada, kumbe anaukataa. Kwenye vitabu vya shule kijana yule alihesabiwa ametimiza sharti.

Tuliijaza siku ileile. Akaunti ya mama ikagoma, kwa sababu jina alilojiandikisha halikufanana na mpangilio wa majina kwenye rekodi za Social Security, idara ya hifadhi ya jamii inayotoa namba ya utambulisho. Mnajua majina yetu yalivyogeuzwa kwenye kambi za wakimbizi, la ukoo likaja mbele, la ubatizo likaangukia katikati, na tarehe ya kuzaliwa ikawa 1 Januari kwa nyumba nzima. Ilituchukua wiki tatu. Pell aliipata, kwa kuwa dirisha la serikali kuu hubaki wazi muda mrefu, lakini fedha za chuo chenyewe zilikuwa zimeshagawanywa. Alianzia community college, chuo cha miaka miwili. Si aibu kuanzia pale, lakini hakuchagua yeye.

Karibuni.

Baba wa wanne

Dada, kazi unayoifanya ni kubwa na nakuheshimu kwa hiyo. Ila mimi sikubaliani na sharti la aina yoyote, liwe la shule au la mtoto.

Kwanza, mapato yangu ni siri yangu. Fomu hii inanitaka nifungue akaunti yangu, halafu nikubali taarifa zangu za kodi zichukuliwe moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi. Nisipokubali, mtoto hapati senti ya serikali kuu. Sawa, kama naomba mimi. Lakini kama siombi?

Pili, mwanangu wa kwanza anataka kuchomelea vyuma. Ana mikono ya kazi toka mdogo, hataki kukaa darasani miaka minne. Kwa nini adaiwe fomu ya chuo ili apewe cheti alichokisotea miaka kumi na miwili?

Tatu, na hapa ndipo panaponiuma, tumesahau ya 2023? Fomu iliyozoeleka kufunguliwa tarehe 1 Oktoba ikafunguliwa mwishoni mwa Desemba. Mzazi asiye na namba ya Social Security akafungiwa nje kwa miezi, wakati mtoto wake ni raia aliyezaliwa hapahapa. Serikali inaivunja fomu yake, halafu jimbo linamwambia mtoto bila fomu hiyo huhitimu! Louisiana walifanya vizuri kulitoa.

Kuna na jambo ambalo wengi tunalisemea chini. Nyumba zetu zina watu wenye karatasi za uhamiaji na wasio nazo, wanakula sahani moja. Mnataka mtu wa namna hiyo aandike jina na anwani yake kwenye mfumo wa serikali kuu ili mtoto wake avae joho?

Mshauri wa shule

Nafanya kazi ya ushauri katika high school, nisingependa kutaja wapi. Chama cha washauri wa shule, ASCA, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Mimi nina zaidi ya 400, wakiwemo wanaofiwa, wanaofukuzwa nyumba na wanaojidhuru. Fomu za vyuo nazifanya katikati ya hayo yote.

Baba wa wanne, nikurekebishe mahali pamoja kwa heshima. FAFSA si fomu ya chuo cha miaka minne peke yake. Pell inalipia pia community college, na kozi nyingi za ufundi katika vyuo vilivyoidhinishwa, uchomeleaji ukiwemo. Kijana wako anaweza kuwa anaacha fedha mezani kwa ufundi huohuo anaoupenda. Tena kuijaza si kukopa. Mkopo unaletwa baadaye kwenye barua ya msaada na unaruhusiwa kuukataa. Hata anayeukubali, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayemtegemea mzazi mwisho wake kwa kawaida ni dola 5,500.

Dada mwanzisha mada, na wewe nakupinga kidogo. Kabla jimbo letu halijaweka sharti, niliomba siku mbili za maktaba na kompyuta kwa ajili ya darasa la 12. Nikaambiwa hakuna nafasi, kuna mitihani. Sharti lilipokuja, siku zikapatikana, na mkalimani akapatikana. Nafasi ilikuwepo siku zote, ila kabla ya hapo hakuna aliyeogopa. Walioogopa ni wakubwa, maana mahafali yenye viti vitupu yanaonekana kwa kila mtu. Ukikiondoa cheti kwenye mizani, nani atanipa maktaba?

Binti wa mwaka wa pili

Shikamooni. Naomba niseme kama niliyepitia, maana mnazungumza kama vile tatizo ni kujaza au kutojaza. Unaweza kujaza na bado ukapotea.

Nimelelewa na baba mdogo na mkewe tangu nina miaka saba. Wazazi wangu wote wawili walifariki kabla hatujaja huku. Kwetu baba mdogo ni baba, na sikuwahi kumwita vingine. Fomu ilipouliza mzazi, nikaweka jina lake na mapato yake. Shule ikanipigia makofi, "umemaliza!" Nikapewa na stika.

Muhula wa kwanza sikupata Pell. Baba mdogo anafanya kazi mbili, usiku na mchana, kwa hiyo kwenye karatasi tulionekana tunajiweza. Ni mama mmoja wa ofisi ya fedha chuoni aliyeniuliza, "Huyu ni baba yako aliyekuzaa, au aliyekuasili kisheria?" Nikasema hapana. Kumbe fomu haimtambui baba mdogo, mjomba, wala bibi, kama hawajakuasili. Na kumbe yatima anahesabiwa mwanafunzi anayejitegemea, hahitaji kuweka mapato ya mzazi kabisa. Swali liko ndani ya fomu, linauliza kama wakati wowote tangu ufikishe miaka 13 wazazi wako wote wawili walikuwa wameshafariki. Nililipita. Nilidhani kusema ndiyo ni kumkana baba mdogo.

Walinirekebishia, lakini muhula ule baba mdogo alikuwa ameshakopa kwa watu. Mpaka leo analipa.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka sharti, mlitaka nijaze, na nilijaza. Nilichokosa ni mtu wa kukaa karibu yangu dakika ishirini na kuniuliza, "Nyumbani kwenu unaishi na nani?"

Mwanzisha mada

Mwanangu, marahaba. Nimelisoma lako mara mbili. Pale uliposema ulidhani ni kumkana baba mdogo, nilisimama. Nimeshamwuliza mtoto "wazazi wako wako wapi" huku naangalia skrini, simwangalii yeye. Jumamosi hii naanza na swali lako.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sharti la Texas linahesabu karatasi, na karatasi ya kukataa inahesabika sawa na fomu iliyojazwa. Kwa shule iliyozidiwa, ipi rahisi? Kumkalisha mama asiyejua Kiingereza saa moja na nusu na kumfungulia akaunti, au kumpa ukurasa mmoja wa kusaini?

Baba wa wanne, kuhusu 2023 umesema kweli yote na sina la kutetea. Bunge limetunga sheria mwishoni mwa 2024 ya kuitaka wizara iifungue fomu kila mwaka ifikapo 1 Oktoba, lakini walioumizwa mwaka ule wameshaumia. Kuhusu nyumba zenye watu wasio na karatasi, simlazimishi mtu na sitamlazimisha. Mtoto raia ana haki ya kuomba hata kama mzazi hana namba, na sheria ya elimu ya juu inaweka mipaka ya matumizi ya taarifa za fomu hiyo. Lakini siwezi kumtazama mama usoni nikamwambia asiogope. Kwa sababu hiyohiyo karatasi ya kukataa lazima iendelee kuwepo. Ninachotaka ni isisainiwe kabla familia haijaelezwa, kwa lugha yake, inakataa nini. Si jambo geni hata. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 imetafsiriwa kwa miaka mingi kwamba shule inayopokea fedha za serikali kuu izungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa.

Mshauri, la maktaba limenigusa. Lakini angalia unachokisema: wakubwa hawakusogea mpaka mtoto akawekwa rehani. Mimi nataka kitu kingine kiwekwe rehani. Kila shule itangaze mwisho wa mwaka wangapi wamejaza, wangapi wamekataa, na kati ya waliokataa wangapi walikaa na mkalimani. Mkuu wa shule asome namba hizo mbele ya bodi na wazazi.

Baba wa wanne

Hiyo ya kusoma namba mbele ya wazazi naikubali, hiyo hata mimi nitakuja kusikiliza. Mkitaka kunibana kwa cheti cha mwanangu, bado hapana.

Mshauri, hili la ufundi sikuwa nalijua. Chuo chenyewe kikiwa ni cha watu binafsi, nitajuaje kama kimeidhinishwa?

Mshauri wa shule

Kila chuo kinachopokea msaada wa serikali kuu kina namba yake ndani ya orodha ya FAFSA. Itafute kwa jina la chuo. Usipoiona, usilipe hata ada ya kujiandikisha kabla hujawauliza kwa maandishi ni kwa nini. Na usingoje masika. Nina jamaa mshauri Illinois anasema ruzuku ya jimbo lao, MAP, hutolewa mpaka fedha ziishe basi, na anayechelewa hukuta sanduku tupu hata kama ni maskini kuliko waliotangulia.

Dada, namba zitangazwe, nakubali. Ila bodi ikizisikia isipofanya kitu? Sisi tuliomo ndani tumeshaona ripoti nyingi zikipigiwa makofi.

Shangazi, Louisiana

Mimi ni wa kule kunakosemwa. Sharti lilipokuwepo, jimbo letu lilipanda mpaka likaongoza nchi nzima kwa wanafunzi kujaza. Shuleni kwa mpwa wangu kulikuwa na jioni za FAFSA, mnakuja na karatasi za kodi, mnakaa na mtu, mnaondoka mmemaliza. Baada ya sharti kuondolewa nilimpeleka mdogo wake nikitafuta jioni ileile. Mlango ulikuwa umefungwa, mlinzi akaniambia mwaka huu hawajapanga.

Mwanzisha mada

Shangazi, asante. Hilo linanitikisa, nisiseme uongo. Mshauri ana hoja kuliko nilivyotaka kumpa.

Bado cheti cha mtoto sikigusi. Lakini naomba walio California waje hapa, maana kwao sharti liko kwa wilaya na mtoto yuko huru. Jioni hizo kwenu zipo? Kuna mkalimani wa Kiswahili, au mnabeba watoto watafsiri mapato ya baba zao wenyewe? Na aliyewahi kuona wilaya ikiulizwa kwa kushindwa, atuambie aliyeuliza alikuwa nani na aliulizia wapi.