Re: Jina la ukoo la mtoto, dirishani wamenirudisha (Expósito)

Mama Tausi, Zaragoza:
Shikamooni wakubwa. Leo nimekwenda kuandikisha mtoto, nimerudi na karatasi zangu kwapani. Mume wangu ni wa huku Uhispania, ukoo wake Expósito. Mtoto anatakiwa na majina mawili, la baba na la mama. Pasi yangu inasema Hamisi Kombo, cheti cha kuzaliwa Hamisi tu. Karani ananiuliza, "La ukoo ni lipi?" Hamisi ni baba, Kombo ni babu, nichague nani? Je, niombe barua ya ubalozi au kiapo kinatosha? Cita yangu, yaani miadi, ni Jumatatu. Tena mama mkwe analia, jina la Expósito hataki liendelee.

Baba Rehema, Madrid:
Marahaba. Mimi kwenye NIE, ile namba ya utambulisho wa wageni, walinipa jina la babu, mpaka leo posta wananiita marehemu. Expósito si kama exposición, mambo ya maonyesho? Labda ukoo wa wachoraji.

Bi Mkubwa, Sevilla:
Maonyesho gani, kaka! Ni Kilatini, expositus, aliyewekwa nje. Ni watoto walioachwa mlangoni mwa kanisa, au kwenye torno, lile kasha la kuzunguka ukutani: mama anamweka mtoto upande wa barabarani, analizungusha, mtawa anampokea ndani, hawaonani. Mwaka 1794 Mfalme Carlos IV aliamuru wahesabiwe halali, na atakayewaita wanaharamu aadhibiwe. Doa halikufutika. Mwaka 1921 sheria ikawaruhusu kulibadili jina hilo. Mama mkwe halii bure.

Kijana wa Barcelona:
Huku kuna Deulofeu, "Mungu alimfanya". Kama yule winga wa mpira, Gerard Deulofeu. Nalo la watoto hao hao. Na Napoli, Italia, akina Esposito wamejaa tele.

Baba Rehema:
Haya mwalimu, usinichape. Ila kwetu mbona hatuoni haya? Shangazi yangu Shida, mdogo wake Mashaka, jirani Sikujua. Nani kalia?

Bi Mkubwa:
Usichanganye. Shida alipewa na mama aliyemzaa, anajua shida ipi. Expósito alipewa na karani.

Kijana wa Barcelona:
Mmenikumbusha bibi Chausiku na uji wake wa pilipili manga. Siku ya tatu leo nakula dengu za kopo. Nani ana sembe?

Mama Tausi:
Asanteni. Mume anasema jina ni lake, halitoki, na liwe la kwanza. Lakini barua ya ubalozi je? Jumatatu ndiyo kesho kutwa.

Baba Rehema:
Sembe ninayo, kilo mbili. Kijana, njoo na mfuko wako.