Masaa ya mpiga picha harusini yanahesabiwa toka wapi mpaka wapi?

kamera_ya_jinja
Habari zenu wakubwa. Napiga picha za harusi huku Jinja, Uganda, na naomba mawazo yenu maana hili jambo la masaa linanichosha roho. Mkataba wangu unasema masaa nane. Sasa Jumamosi iliyopita nimeitwa saluni saa mbili asubuhi nikafika, ibada ilikuwa ianze saa tano ikaanza saa saba, halafu msafara ukaelekea Kampala kwenye ukumbi, na ile barabara mnaijua, ukishavuka msitu wa Mabira kuanzia Lugazi mpaka Mukono ni foleni tu, masaa nane yameisha tuko garini. Ukumbini tumeingia usiku. Keki imekatwa saa nne kasoro, mama wa bwana harusi kanishika mkono kabisa, mwanangu usituache saa hizi. Nikabaki. Lakini nilipotaja hela ya ziada kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake. Nyinyi mnahesabu vipi? Barabara inaingia? Na mwisho mnaweka saa au mnaweka tukio, yaani mpaka keki?

mzee_wa_lenzi, Kampala
Pole sana kaka. Barabara inaingia, hiyo usiwape hata nafasi ya kubishana. Muda unaanza pale ulipoambiwa ufike na unaisha ukifunga begi, hata kama katikati umekaa garini, kwa sababu siku hiyo huwezi kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine.

Mwisho andika saa. Usiandike mpaka keki. Hizi harusi zetu ratiba yote iko mkononi mwa MC, ataita huyu aongee, ataita kundi la kazini, la kanisani, la ukoo, wote na zawadi zao, na wewe umesimama hapo na betri ya mwisho.

Halafu kitu ambacho vijana wengi hawakiandiki ni NANI anakubali ovataimu. Harusi ya Uganda inabebwa na kamati, watu wamekaa mikutano wiki baada ya wiki wanatoa ahadi na bajeti inasomwa mbele ya wote, sasa wewe unaenda kumuomba hela mama mtu usiku ule atatoa wapi? Bei ya saa moja ya ziada iingie kwenye ile bajeti mapema, na mkataba utaje mtu mmoja, mara nyingi mweka hazina. Muda ukibaki nusu saa mfuate yeye peke yake, muulize tunaendelea au tunafunga, akijibu mwambie akutumie kwa meseji hapo hapo. Bi harusi usimguse na mambo ya hela siku yake, tafadhali sana.

mama_twins
Mimi siyo mpiga picha, niliolewa mwaka jana Entebbe, naomba niseme ya upande wetu. Tunaogopa masaa kwa sababu hakuna anayetueleza yanaenda wapi. Wetu alikaa na sisi na karatasi akaniuliza picha zipi nikizikosa nitalia. Nikasema baba ananishika mkono kuingia kanisani, bibi yangu, keki, na dansi ya kwanza. Basi akapanga toka hapo. Saluni akaja wakati navaa gauni, si wakati nasukwa, na yeye ndiye aliyeongea na MC mapema keki ikakatwa kabla ya chakula. Alipoondoka watu bado wanacheza na sikuona nimepoteza chochote. Kwa hiyo masaa ni sawa, lakini kaeni na sisi kwanza, msitutumie tu bei kwa WhatsApp.

picha_masaka
Dada umesema kweli. Niongeze tu kwamba kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa nyumbani kwa kina binti, usiipimie masaa kama harusi. Upande wa mwanaume wanasimamishwa langoni, wasemaji wanajibizana, mabinti wanatoka na gomesi, yale magauni ya Kiganda, kundi baada ya kundi, bi harusi anakuja baadaye sana, ssenga (shangazi wa bi harusi) bado hajamtambua mkwe, muko (kaka wa bi harusi) hajapewa jogoo wake, na pete ndiyo haijavaliwa! Ukiuza masaa sita hapo utaondoka kabla ya kile walichokuitia. Mimi kwanjula nauza siku nzima, basi.

Na harusi andika saa ya picha za nje. Huku kwetu karibu na ikweta jua linazama kwenye saa moja jioni mwaka mzima na giza halichelewi, kwa hiyo kama saa kumi na mbili bado mko kwenye foleni hizo picha hazipo tena. Wajue hilo kabla, wasije kukulaumu wewe.

kamera_ya_jinja
Asanteni sana, nimeandika yote. Naweka saa ya kuanza na ya kufunga, barabara ndani, ovataimu kwenye bajeti na jina la mweka hazina, na kila bi harusi nakaa naye na karatasi kama ya dada hapo juu. Moja limebaki, chakula. Ile saa ya kula mnaihesabu?

mzee_wa_lenzi, Kampala
Inahesabiwa, maana hata ukila kamera iko mapajani. Andika sahani ngapi za timu yako, na mle pamoja na meza kuu, si baada ya wageni wote. Meza kuu ikiwa na chakula mdomoni hakuna picha ya kupiga, ila wakimaliza hotuba zinaanza na huna nafasi tena.